Mume wangu, tumbili wa Bwana Pamba, na neno nililomtamkia siku ya matanga

Wakuu,

Kwanza niseme marahaba, maana humu karibu wote mlitakiwa kuniamkia na hakuna aliyeniamkia. Umri wangu unagonga tisini. Naandika kwa kidole kimoja na miwani imefungwa uzi, kwa hiyo herufi zikipinda mnivumilie.

Sikuja kutafuta laiki.

Juzi nilisoma uzi wa bwana mmoja humu, anasema popo na tumbili wote wa pwani wauawe, eti ndio wanaotuletea virusi vya mapafu. Watu wakamshangilia chini yake, wengine na vikatuni vya kucheka. Nikaiweka simu kitandani nikalia mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza nani kafa.

Nitakayoeleza niliyaona kwa macho yangu haya haya. Picha sina, skrinishoti sina, enzi hizo hata kioo cha kujitazamia tulikuwa tunaazimana. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka apite salama.

Ilikuwa Kibiti, miaka michache kabla ya Uhuru. Mwingereza bado yuko ofisini na bendera yake.

Mimi nilikuwa mke mbichi, nimeolewa kutoka Mtawanya. Mume wangu anaitwa Salehe. Tulikuwa na mtoto mmoja, binti, Tatu, miaka mitatu kasoro. Msicheke, jina halikutokana na miaka, ni jina la bibi yake.

Salehe alikuwa mtegaji. Ukoo wao wote ni watu wa mitego. Alikuwa anajua kumnasa mnyama bila kumvunja hata ukucha, na ndiyo sababu mzungu alimtafuta.

Mzungu mwenyewe alikuwa daktari. Jina lake la kwao lilitushinda, tukamwita Bwana Pamba. Kazi yake ilikuwa kuchukua kijiti chenye pamba kwenye ncha, anamwingizia mnyama puani na kooni, anazungusha, anatoa, anakitumbukiza kwenye kichupa. Kutwa nzima ni hiyo. Watu walimwona mwendawazimu.

Lakini alikuwa na sababu. Miaka ile watoto wetu walikuwa wanakufa kwa kifua. Mtoto anaanza na mafua, siku ya nne mbavu zinaingia ndani, siku ya saba mnachimba kaburi. Bwana Pamba alitaka kujua kama vijidudu vya maradhi yale vinaishi kwa wanyama wa porini kisha vinatuhamia. Alituambia ni vidogo mno, hata darubini yake haivioni. Leo mnaviita virusi.

Tulimwuliza: sasa kitu usichokiona utakitafutaje?

Akasema: kwa mayai.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Wakuu, kirusi hakikui kwenye chupa kama mtindi. Kinataka kitu kilicho hai. Bwana Pamba alikuwa anataka yai lililolaliwa na kuku siku kumi, lenye kifaranga ndani. Anatoboa kitundu, anaingiza yale maji ya pamba, anaziba kwa nta. Baada ya siku mbili tatu anayatoa maji ya ndani ya yai na kuyapima.

Na nani Kibiti nzima alikuwa anajua kuku kunishinda mimi? Hakuna. Nasema bila haya.

Nilikuwa na matetea kumi na mawili. Kila yai nililiandika kwa mkaa, mstari mmoja kwa siku moja, nisije nikampa la siku nane au kumi na mbili. Kulijua lenye kifaranga nilitumia kipande cha bati la debe chenye tundu. Nakikinga juani, naweka yai kwenye tundu, naiona mishipa myekundu inacheza ndani. Lisilo na mishipa nalitupa.

Mashoga zangu walinitania: "Mke wa Salehe naye analalia siku hizi." Nikawajibu: "Nalalia, na nikitotoa mtaniona." Tulicheka sana. Nilikuwa na furaha wakati ule, hilo nalo mlijue.

Bwana Pamba alinifundisha hata kusoma vipimo. Ana kisahani cheupe chenye vishimo. Anatia maji ya yai, anadondoshea damu ya kuku kidogo. Unasubiri. Damu ikizama ikakaa katikati, kiduara kidogo kama kifungo cha shati, basi hamna kitu. Ikitandaa kishimo kizima kama utandu, kirusi kimo.

Mwaka mzima tuliona vifungo tu. Popo, vifungo. Komba, vifungo. Panya buku, vifungo.

Sasa nimweleze Salehe kidogo, maana bila hili hamtanielewa.

Kwao, mtegaji hamgusi mnyama aliyenaswa mpaka ampulizie. Unainama, unasogeza uso karibu kabisa na uso wake, unasema bismillahi, unampulizia puani mara tatu. Wanasema mnyama anatulia na hakuwekei kinyongo. Babu yake alifanya, baba yake alifanya. Na Wallahi walikuwa wanatulia! Nimemwona tumbili dume, meno nje, Salehe akimpulizia anashusha mabega.

Bwana Pamba alikuwa amempa kitambaa cha kufunga mdomo na pua, akamwambia asikivue kamwe karibu na wanyama. Salehe alikuwa anakivaa mzungu akiwepo. Akiondoka, kinashushwa kidevuni, bismillahi, puu, puu, puu, kinapandishwa.

Mimi nilimwona kila siku. Sikusema kitu. Ningesema nini? Ni bismillahi.

Basi, kaskazi moja Bwana Pamba akataka tumbili wa mikokoni. Salehe akaenda Mbuchi na mtumbwi, akakaa siku tisa, akarudi na tumbili kumi na mmoja kwenye matenga. Walipofika tu, Bwana Pamba akawachukua pamba, akawatoa na damu kidogo mguuni, kila mmoja na chupa yake. Pamba akazipima kwa mayai yangu. Vifungo vitupu. Damu akaiweka kwenye friji lake la mafuta ya taa, isubiri zamu.

Tumbili wakawekwa kwenye vizimba nyuma ya nyumba yetu. Salehe ndiye wa kuwalisha.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na arusi Mchukwi. Nikaenda na Tatu mgongoni. Arusi ilijaa watoto, na watoto walikuwa wanakohoa, kamasi mpaka mdomoni. Nani alijali? Tulikula pilau, tukacheza, tukarudi.

Siku ya tatu baada ya arusi Tatu akaanza kukohoa.

Tatu alikuwa wa baba yake. Akiumwa hataki kitanda, anataka kifua cha baba. Salehe akawa anashinda naye amemlaza juu yake, mtoto anamkoholea shingoni. Baada ya siku mbili Salehe naye akapata mafua. Mtu mzima, kwake ni mafua tu, anapiga chafya anaendelea na kazi. Asubuhi anaenda vizimbani. Anashusha kitambaa. Anapuliza.

Nyie mnaosoma mmeshaona. Sisi hatukuona.

Siku chache mbele tumbili wakaanza kupiga chafya. Mmoja akawa anahema kwa shida. Bwana Pamba akawachukua pamba upya, akatia kwenye mayai, na siku alipopima mimi nilikuwa nimesimama karibu yake. Kishimo cha kwanza, utandu. Cha pili, utandu. Saba kati ya kumi na mmoja.

Yule mzungu aliruka! Alinishika mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama Tatu! Tumempata! Mwaka mzima, tumempata!"

Nami nikafurahi, sitawadanganya. Mayai yalikuwa yangu.

Jioni hiyo Tatu akashindwa kumeza hata maji ya kijiko. Bwana Pamba alikuja mara tu alipoitwa. Alimchoma sindano, akakaa naye, akamchukua pamba puani. Kesho yake tukampeleka kwa machela hospitali. Tatu hakurudi. Alifariki adhuhuri, tukamzika kabla ya alasiri. Salehe ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Siwezi kuieleza siku ile zaidi ya hapo.

Siku ya tatu ya matanga, hitima imeshasomwa, watu bado wamekaa mkekani, akaja Bwana Pamba. Macho yamemvimba. Alikuwa mtu mzuri, msimfikirie vibaya. Alidhani ukweli ni haki yetu, na yeye alidhani ameupata.

Akamwita Salehe pembeni, mimi nikafuata. Akasema ile pamba ya Tatu imetoa utandu. Akasema amelinganisha. Kilichokuwa kooni kwa mtoto na kilichokuwa kwa tumbili ni kitu kimoja.

Salehe akamwuliza polepole: "Kwa hiyo kimetoka kwa tumbili?"

"Naona hivyo."

"Na tumbili nimewaleta mimi."

Bwana Pamba akatazama chini.

Wakuu, hapa ndipo penye dhambi yangu.

Nilikuwa sijala siku tatu. Maziwa ya mtoto niliyemwachisha zamani yalikuwa kama yanarudi kifuani. Salehe akanigeukia, akanyoosha mkono, nadhani alitaka nimshike. Nikamwambia mbele ya mzungu na mbele ya waliotusikia:

"Usiniguse. Umemuua mwanangu kwa pumzi yako na hao tumbili wako."

Nilisema hivyo. Kwa pumzi yako. Sijui kwa nini lilinitoka neno hilo na si lingine.

 Hakunipiga, hakulia. Alienda vizimbani akawatazama wale tumbili kwa muda mrefu. Asubuhi hakuwepo. Tukasikia baadaye ameonekana Mbuchi, amejitenga kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga, na mtu akimkaribia anamfukuza kwa kelele.

Watu waliniambia nimfuate. Nikasema afie huko huko.

Mayai nikaacha. Bati la debe nilitupa chooni. Matetea nikayaacha yalalie mpaka yatotoe, vifaranga wakazagaa uwanjani, nikawa siwatazami.

Bwana Pamba akawa anakuja. Mara ya kwanza nilimfungia mlango. Mara ya pili nilimtukana kwa Kindengereko, sijui kama alielewa, nadhani alielewa. Mara ya tatu alikaa kwenye kizingiti, akazungumza na mlango uliofungwa.

Akasema: "Mama Tatu, ripoti yangu nimeshaiandika, inasema tumbili wa mikokoni wana ugonjwa huu. Lakini damu ya siku ya kwanza sijaipima. Ile waliyotolewa walipofika. Bila mayai sipati kirusi cha kuipimia. Nikituma hivi, huenda natuma uongo."

Najua kuna mtu atauliza damu inaonyesha nini. Ni hivi. Mnyama akishaugua, damu yake inakikumbuka kile kirusi. Ukiichanganya nacho inakishika, hakiwezi tena kutandaza utandu, unaona kifungo. Ambaye hajawahi kuugua, damu yake haikijui, kwa hiyo utandu unatanda kama kawaida. Ni kinyume cha kile kipimo cha kwanza. Ilinichukua muda kukielewa, na nyie mnaoleta ubishi someni mara mbili.

Nilimpa mayai baada ya karibu miezi miwili. Si kwa wema. Nilitaka anithibitishie kwamba tumbili wale walikuja na kifo, ili hasira yangu iwe na mahali pa kukaa.

Tukatia kwenye vishimo vya kisahani. Damu ya siku ya kwanza juu, damu aliyowatoa tena wiki tatu baada ya chafya chini. Tukasubiri.

Juu, utandu. Wote kumi na mmoja.

Chini, vifungo saba.

Nilielewa kabla yake, au labda yeye alielewa akaogopa kusema. Tumbili wale walitoka mikokoni wazima. Hawakuwahi kuugua. Waliupatia ugonjwa pale pale nyuma ya nyumba yangu.

Bwana Pamba akaniuliza kwa sauti ndogo: "Nani alikohoa kwanza?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kuhesabu siku kwa mayai. Siku Tatu alipokohoa mara ya kwanza nilikuwa naandika mstari wa nne kwenye mayai ya tetea kishungi. Siku Salehe alipopiga chafya ulikuwa mstari wa sita. Tumbili walipoanza, mayai yale yalikuwa yameshafika kumi na kutumika yote.

Nikasema: "Tatu. Kisha baba yake. Kisha wao."

"Lakini walipataje? Salehe alivaa kitambaa."

Nikamweleza kuhusu bismillahi. Nikamwonyesha, nikainama mbele ya kizimba kitupu, nikapuliza. Yule mzungu akakaa chini mavumbini, akashika kichwa.

Mwanangu aliambukizwa na watoto wenzake arusini, nikiwa nimembeba mimi. Salehe hakumletea kitu. Yeye ndiye aliyepewa na mtoto, na tumbili wakapewa na yeye. Na mimi hayo yote nilikuwa nayo kichwani tangu siku ya kwanza, kwa mpangilio wake, mstari kwa mstari. Sikuwahi kuyapanga.

Kesho yake nikapanda mtumbwi kwenda Mbuchi.

Nilimkuta kwenye dungu katikati ya jaruba la mpunga. Amekonda, ndevu zimemjaa. Aliponiona akapiga kelele: "Simama hapo hapo! Usije, Mama Tatu, usije!" Akajifunga shuka mdomoni.

Nikasimama kwenye maji ya mpunga, nikamwambia yote kwa sauti ya juu. Arusi ya Mchukwi. Damu ya siku ya kwanza. Mistari ya mayai. Nikasema: "Baba Tatu, si wewe. Nilikosea. Si wewe."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole mno:

"Ahsante, mke wangu. Una moyo mzuri. Mungu akulipe kwa kutaka kunifariji."

Nikaapa. Nikaapa kwa Mungu, nikaapa kwa kaburi la mtoto. Kila nilivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kuniitikia: "Najua, najua, umenisamehe. Nashukuru."

Alidhani ni msamaha, wakuu. Ukweli nilimpelekea, yeye akaupokea kama huruma.

Bwana Pamba naye alimfuata, akamweleza kwa kalamu na karatasi. Salehe akaniambia baadaye: "Si huyu huyu aliyesema mwanzo ni tumbili? Leo umemwomba, amesema jingine." Ripoti ya kwanza mzungu aliichana, nilimwona akiichana. Ile ya pili sijui kama kuna aliyeisoma. Muda si mrefu akarudishwa kwao.

Salehe nilimrudisha nyumbani mwaka uliofuata. Tukazaa wengine wanne. Nasema hili nikijua wapo watakaoona nimemaliza vizuri.

Hakumbeba hata mmoja.

Alilima kwa ajili yao, aliwasomesha, aliwachongea vigari vya miti. Lakini mtoto akimkimbilia, anarudi nyuma. Adhana ya sikioni ya watoto wangu wote wanne ilisomwa na jirani, baba yao amesimama uani. Wa mwisho wetu aliwahi kuniuliza, yuko darasa la pili: "Mama, baba ananichukia?" Nikamwita Salehe aje amjibu mwenyewe. Alikaa mbali na mtoto, hatua nne hivi, akamwambia: "Nakupenda kuliko wote." Mtoto akaangalia zile hatua nne.

Nilimwambia ukweli kila mwaka. Wakati mwingine kwa upole, wakati mwingine kwa ugomvi, vyombo vinaruka. Alikuwa anaitikia tu.

Amefariki sasa ni muda. Ilikuwa mchana, nyumba imejaa watoto na wajukuu. Pumzi zilipoanza kuhesabika niliinama nimsomee shahada aifuate. Midomo yake ilikuwa inatikisika, lakini mimi sikio limezeeka, nikasogeza uso karibu na wake.

Akakusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, akageukia ukutani, asinipumulie.

Shahada yake ameisikia Mungu. Mimi sikuisikia.

Nilichojifunza nakisema kwa lugha nyepesi. Kabla hamjamtaja aliyeleta ugonjwa, awe popo, tumbili au jirani, ulizeni nani alikohoa kwanza, na mngoje jibu hata kama inauma kungoja. Na ukiwa na msiba, funga mdomo. Kuna maneno ukishayatoa, hata ukirudi na ushahidi mkononi, mwenzio atadhani unambembeleza.

Yule bwana wa ule uzi wa kuua tumbili, sina ugomvi na wewe. Ukitaka kujibu, jibu hapa hapa kwa adabu. Wataalamu wa maabara mliomo, nirekebisheni nilipokosea vipimo, miaka ni mingi.

Na kama yupo aliyewahi kumtamkia mtu wake neno la aina ile, kisha akaaminiwa alipolirudisha, naomba aniambie alisema nini. Mimi nilijaribu kila nililolijua.